Ripoti za mwezi zinagandisha mauzo: msinunue mashine kubwa kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Una databesi ya PostgreSQL kwenye klaudi (seva ya kukodi mtandaoni), mauzo yanaenda vizuri, ila mhasibu akianza kutoa ripoti za mwisho wa mwezi, makeshia wote wanapiga simu kwamba mfumo "unazunguka". Bosi kasema mpandishe mashine, yaani mchukue seva kubwa zaidi, na wewe unauliza mchukue ya ukubwa gani. Kwangu mimi, msichukue yoyote kwanza. Sisi tulichukua, na tulichopata ni bili.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nahudumia mfumo wa tiketi za mabasi ya mikoani. Jina la kampuni sitalitaja. Mabasi yanatoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na aliyewahi kupanda basi la alfajiri anajua saa 11 pakoje: watu na mabegi, wapiga debe, dereva kashawasha injini, na dirishani kuna dada anakata tiketi huku abiria sita wamemzunguka. Saa 11 kamili kila kitu safi. Ikifika saa 11 na nusu, simu yangu inaita. "Kaka, imeganda tena." Na ilikuwa hivyo wiki ya mwisho ya mwezi tu. Tarehe 5, tarehe 10, hakuna anayelalamika.

Tukapandisha mashine, CPU mara mbili, memori mara mbili. Mwezi uliofuata ikaganda vilevile.

Ndipo nikaamua kuamka mwenyewe saa 10 na nusu, nikafungua pg_stat_activity (orodha ya PostgreSQL ya nani anafanya nini sasa hivi) na grafu za klaudi, nikakaa kusubiri. Saa 11 kamili ikaingia kweri (ombi la data) moja ndefu ya ripoti. CPU ilikuwa imelala, haifiki hata robo. Lakini kwenye safu ya wait_event, karibu kila aliyekuwa anafanya kazi alikuwa ameandikiwa DataFileRead, maana yake anasubiri diski. Diski yetu ilikuwa gp2, aina ya diski ya klaudi ya Amazon, ya GB 100. Aina hiyo inakupa operesheni 3 (za kusoma au kuandika) kwa sekunde kwa kila GB, kwa hiyo haki yetu ilikuwa 300. Juu ya hapo unaruhusiwa kukopa hadi 3,000 kutoka kwenye akiba ya operesheni milioni 5.4. Piga hesabu: ukila 3,000 na wewe unarudishiwa 300, akiba inakauka kwa dakika kama 33. Ndiyo maana saa 11 mambo safi na saa 11 na nusu kilio. Mashine kubwa haikubadilisha kitu kwa sababu diski ilikuwa ileile. Tukahamia gp3, ambayo kianzio chake ni 3,000 bila kujali ukubwa, tukapata nafuu siku hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya yote, angalia nyie mnasubiri nini.

Kwa nini wiki ya mwisho tu? Ripoti ilikuwa inajumlisha kuanzia tarehe 1 hadi jana. Tarehe 3 inasoma siku mbili, tarehe 29 inasoma karibu mwezi mzima. Kila siku inaongezeka kidogo, hakuna anayeshtuka.

Na kwa nini saa 11 alfajiri, saa mbaya kuliko zote? Hapa nilicheka peke yangu. Jamaa aliyeipanga aliandika 2 kwenye cron (ratiba ya kazi za seva), akiwa na maana ya saa 8 usiku, watu wote wamelala. Seva iko UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya Dar kwa saa tatu. Saa 8 usiku ya UTC, Dar ni saa 11 alfajiri. Aliikwepa saa ya kazi akaitumbukiza katikati yake. Angalieni na tarehe zenu pia: kama ripoti inakata siku kwa UTC, mauzo ya kuanzia saa 6 usiku hadi saa 9 usiku yanahesabiwa jana yake. Mhasibu wetu alikuwa anasumbuka na tofauti hiyo miezi mingi akidhani mawakala wanamwibia.

Turudi kwenye ushauri uliopewa na wachangiaji hapo juu, kwamba weka replika ya kusoma (nakala ya databesi inayosomwa tu), upeleke ripoti zote huko. Ni ushauri mzuri, ila wamekuachia nusu. Replika inafuata mabadiliko ya databesi mama. Kweri ndefu ikiwa inasoma mistari ambayo mama ameshaifuta na kuisafisha, replika inabaki njia panda. Kwa kawaida inasubiri sekunde 30 (ndiyo max_standby_streaming_delay), halafu inaikata kweri yako. Ripoti ya dakika 20 inakufa kila ikijaribu. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa washa hot_standby_feedback. Tuliwasha, ripoti zikapita, tukashangilia. Baada ya wiki mbili mauzo yakaanza kuwa mazito tena, na safari hii hata saa 8 mchana.

Sababu ni kwamba ukiwasha hiyo, replika inamwambia mama: usisafishe, bado kuna mtu anasoma. Sasa jedwali letu la viti lilikuwa linaandikwa upya kutwa nzima, kiti kinashikwa, kinaachiwa, kinalipiwa. Kila badiliko linaacha mstari mfu nyuma. Autovacuum, msafishaji wa PostgreSQL anayejiendesha, inapita, inakuta hairuhusiwi kugusa, inaondoka. Jedwali la viti elfu chache likavimba likawa kubwa kuliko la tiketi za miezi. Kwa hiyo mzigo mlioutoa kwa mama mnamrudishia kwa mlango wa nyuma.

Tulichoishia nacho: replika moja ya ripoti tu, feedback imezimwa, ule muda wa kusubiri tumeupandisha hadi saa nzima, na tumekubali kwamba data yake inaweza kuchelewa. Mhasibu hana shida na kuchelewa. Mwenye shida ni mkata tiketi. Kuna siku kijana wetu aliona replika imepoa, akahamishia huko skrini ya viti vilivyo wazi. Dada wa dirishani anaona kiti namba 14 kijani, anabonyeza, anagomewa kwa sababu kwa mama kimeshauzwa. Anajaribu 15, anagomewa. Abiria wanamtukana yeye. Tulirudisha asubuhi hiyohiyo. Na replika ni mashine kamili, inalipiwa kama mashine.

Hata kama huna replika, tengeneza yuza wa ripoti peke yake, asitumie yuza wa mfumo wa mauzo. Kisha mwekee ukomo wa muda, wa kwanza kwa kweri moja, wa pili kwa transaksheni (kazi iliyofunguliwa na haijafungwa) iliyoachwa imekaa tu:

ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '10min';
ALTER ROLE ripoti SET idle_in_transaction_session_timeout = '5min';

Huo wa pili usiudharau. Mtu anafungua transaksheni, anaanza kusoma, anaenda kula, dirisha limebaki wazi. Databesi inamsubiri na uchafu unarundikana kama nilivyoeleza.

Lakini kilichomaliza kesi yetu si hivyo vyote. Nilienda kukaa na mhasibu. Dada yule alinionyesha: anapakua faili lenye kila tiketi ya mwezi, anafungua Excel, anasubiri, anatengeneza pivoti, anachukua jumla ya kila wakala kwa kila siku, halafu faili anafuta. Desemba, watu wanapopanda kwenda Moshi na Arusha, faili lilikuwa linapita mistari 1,048,576 ambayo ndiyo mwisho wa Excel, kwa hiyo alikuwa anapakua vipande viwili. Nikamuuliza, tiketi mojamoja unazihitaji? "Nikigombana na wakala tu."

Tukatengeneza jedwali la muhtasari: siku, wakala, njia, idadi, jumla. Mwanzoni tulijaribu materialized view, yaani majibu ya kweri yaliyohifadhiwa kama jedwali, ambayo unayasasisha kwa amri ya REFRESH. REFRESH ya kawaida inawafungia wasomaji mlango hadi imalize; ile ya CONCURRENTLY haiwafungii, inataka indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya UNIQUE, isiyoruhusu kujirudia, lakini bado inakokotoa kila kitu upya kuanzia mwanzo. Tukaachana nayo. Tukaweka kazi ndogo ya kila dakika 15 inayokokotoa siku tatu za mwisho tu na kuziandika kwa INSERT ... ON CONFLICT DO UPDATE, yaani mstari usipokuwepo unaingizwa, ukiwepo unasasishwa. Siku tatu kwa sababu abiria anaweza kughairi na kurudishiwa hela. Ukiwa unajumlisha tu bila kurudi nyuma, hesabu itapotoka na hutajua lini. Ripoti ya nusu saa ikawa inafunguka kabla hajainua kikombe cha chai.

Jambo dogo lililotusaidia humo: kweri ya mwanzo ilikuwa na WHERE date(created_at) = ..., na indeksi ya created_at haitumiki ukiifunika hivyo. Andika created_at >= mwanzo AND created_at < mwisho. Kugawa jedwali kwa miezi ni kuzuri, ila kunaweza kusubiri. Habari za kujenga ghala la data pembeni achana nazo kwa sasa.

Naomba ufanye hivi. Kesho mhasibu akianza ripoti, endesha hii mara tatu, kwa nafasi ya dakika 10, utubandikie majibu hapa (majina ya wateja yafute):

SELECT usename, state, wait_event_type, wait_event, now() - xact_start AS muda, left(query, 80)
FROM pg_stat_activity WHERE state <> 'idle' ORDER BY xact_start;

Utuambie na diski yenu ni aina gani, GB ngapi, na cron zenu zimeandikwa saa ya wapi.