Re: Bendera ya Taifa, kijani juu au bluu juu?

Mkuu, salama? Umesema fundi wa Kariakoo amekushonea bendera ya kupandisha ofisini, na sasa mlinzi anashikilia kwamba bluu ndiyo inakaa juu. Hapana, mlinzi kakosea.

Kwanza tafuta upindo wa kupitishia kamba. Upande huo ndio wa mlingoti. Halafu angalia mkanda mweusi. Unaanzia chini, kwenye mlingoti, unapanda hadi kona ya juu kule inakopepea. Kijani juu yake, bluu chini. Ukiona mweusi unashuka kutoka kichwani mwa mlingoti, umeipindua. Ukiitazama kwa nyuma usibabaike: mlingoti unahamia kulia kwako, kijani bado kiko juu.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilipandisha ya kwangu dukani Ilala alfajiri ya 9 Desemba, bado giza giza. Mzee mmoja akasimamisha baiskeli, akainamisha shingo kama anasoma gazeti lililogeuzwa: "Kijana, maji yamepanda juu ya ardhi?" Maana kijani ni ardhi na mimea, bluu ni maji, nyeusi watu, njano madini. Sijakosea tena.

Kagua pia njano. Ni mistari miwili, mmoja kila upande wa mweusi. Fundi mwenye haraka huwa anasahau mmoja, na hapo mrudishie tu.

Bluu yenyewe ilikuja na Zanzibar kwenye Muungano wa 1964. Ya Tanganyika haikuwa nayo.

Saa 12 jioni ishushe, na isiburuzike chini.