Kabla ya Kununua Mche, Uliza Upepo

Kila mwaka masika yakikaribia, simu yangu huanza kuingia picha. Wifi yangu anayekaa mjini ndiye wa kwanza. Amesimama kwenye kitalu kando ya barabara, mbele yake mche umejaa maua mekundu, na chini ya picha ameandika: "Wifi, nichukue huu?" Nami humjibu kwa swali lile lile: "Umemuuliza muuzaji unachanua upepo gani?"

Wengi wetu tunanunua ua kwa macho. Lakini mche ulioko kitaluni uko kivulini, unamwagiwa asubuhi na jioni, udongo wake umechanganywa na samadi, na muuzaji huutoa mbele siku ile ulipopendeza. Ukifika kwako unakutana na jua lako, maji ya kisima chako, udongo wako na upepo wako. Kwa hiyo rangi nimeiweka swali la mwisho. La kwanza ni upepo: ua hili linachanua wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, au wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini wa miezi ya joto, na likishachanua, litaustahimili upepo huo?

Nililijifunza kwa hasara. Mimi nimezaliwa Wete na kuolewa Jambiani. Pemba tulikuwa tukichomeka kijiti ardhini na kijiti kinashika. Mvua ni nyingi kule, kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, ilhali Unguja ni kama 1,600, na huku pwani ya mashariki hupungua tena. Nikaja Jambiani na mazoea yangu ya Kipemba. Nikanunua iksora sita nyekundu, zimefunga vichwa vizuri, nikazipanga mbele ya baraza. Mwezi wa tatu majani yakaanza kuwa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, kama ramani ya mito. Nikadhani kiu, nikazidisha maji ya kisima. Maji yale yana chumvi. Ncha za majani zikaungua, zikawa kahawia na kukatika kama karatasi.

Mama mkwe alikuwa akinitazama tu. Siku moja akachuma jani, akalinyanyua juani, akaniambia, "Mwanangu, hapa uwanda. Huyu anataka kinongo." Maneno machache, lakini ndiyo elimu yenyewe. Uwanda ni ardhi ya matumbawe, mawe ya chokaa; kinongo ni udongo wenye rutuba. Chokaa kikizidi, chuma kilichomo udongoni hakipatikani kwa mizizi, na iksora bila chuma hugeuka manjano hata uimwagilie vipi. Mbili zilizopona nilizihamishia kwenye ndoo kubwa za rangi, nikazijaza kinongo na mboji, na huzimwagia maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa. Mpaka leo zinachanua.

Basi kama uko Jambiani, Paje, Bwejuu au Makunduchi, usinunue mche kabla hujajua utaupanda ndani ya nini. Mimi huchimba shimo kwa mtaimbo, nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, nikaweka makumbi ya nazi chini yashike maji, kisha kinongo kilichochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza. Makumbi yawe makavu ya kawaida. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba yana chumvi, hayo usiyaguse. Walioko kwenye kinongo chenyewe, au Pemba, wameshapunguziwa nusu ya kazi.

Nianze na kaskazi, kwa sababu ndipo bustani nyingi hufa. Kuanzia mwishoni mwa Disemba mpaka Februari jua halina huruma, mvua zimekatika, na maji ya visima huzidi chumvi. Msimu huu nimeukabidhi bogenvilia, na naomba nikae naye kidogo.

Bogenvilia wangu wa kwanza alikaa miaka miwili bila kutoa hata ua moja. Majani mabichi, matawi marefu, miiba ya kutosha. Nilikuwa nikimwagilia kila jioni kwa mapenzi. Januari moja pampu ikaharibika, maji tukawa tunachota ya kunywa na kupikia tu, na maua nikayasahau kwa wiki tatu. Mwisho wa Februari mti ule ulikuwa zambarau tupu, huoni jani. Kumbe bogenvilia akishiba maji hutoa majani, akibanwa na kiu kidogo ndipo hutoa rangi. Siku hizi humwagia wakati wa kupanda mpaka ashike, kisha namwachia Mungu. Nikiona majani yananyong'onyea kweli, basi kata mbili tatu.

Chuma kikonyo kimoja ukitazame kwa karibu. Ile zambarau unayoiita ua ni majani matatu, membamba kama karatasi ya kufungia zawadi, ukiyaweka juani mishipa inaonekana. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati, kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Ndiyo maana rangi hukaa muda mrefu, kwani jani halinyauki upesi kama ua. Asili yake ni Brazili, na jina linatokana na Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyeizunguka dunia kwa jahazi kati ya 1766 na 1769. Mgeni huyu amezoea uwanda wetu kuliko wengi tuliowakuta hapa.

Kosa ninaloliona sana ni kumkata wakati mbaya. Bogenvilia huchanulia kwenye ncha za matawi mapya. Ukimpogoa Novemba ili nyumba ionekane safi, umekata rangi yote ya kaskazi. Mkate akishamaliza kuchanua, mwezi wa Machi, kabla masika hayajashika. Matawi yale usiyatupe. Chagua yaliyokomaa, unene wa kidole, yachomeke kivulini, na mvua za masika zitakufanyia kazi. Kwangu mimi zambarau ndiye mstahimilivu kuliko wote. Wa rangi ya machungwa na mweupe nimewapoteza mara mbili.

Pamoja naye kaskazi naweka adeniamu, wengine huita waridi la jangwani, kwenye chungu chenye mchanga mwingi na tundu kubwa chini. Huyu humwagiwi kila siku, ukimwagilia sana shina linaoza kutoka ndani na hujui mpaka limelala.

Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa kutafuta maua mengi. Ni wakati wa kupanda. Matawi ya haibiskasi, asumini na bogenvilia yashike sasa. Mbegu ndogo usimwage, mvua itazikusanya zote kwenye kona moja ya kiwanja. Kwa rangi, kana inatosha: majani mapana, maua mekundu na manjano, na inapenda maji yasimame miguuni pake. Mawaridi msimu huu hupata madoa meusi majanini, yatoe uvunguni mwa miti yapate hewa, na majani yenye madoa yaokote uyachome.

Mvua zikitulia mwishoni mwa Mei huja kipupwe, na hapo ndipo nafurahi. Hewa imepoa, na mvua ndogo za mchoo hupita. Sasa mwaga mbegu. Zinia zikipandwa mwanzoni mwa Juni, kufika mwisho wa Julai zimechanua, nyekundu, waridi, machungwa, ndio wakati wageni wanapita kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Changanya na silosia, lile ua linalofanana na upanga wa jogoo. Mbegu utakazovuna kwenye maua yaliyokauka zitakutosha mwaka wa pili, zifunge kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki, zitapata ukungu.

Tatizo la kipupwe huku kwetu ni kusi lenyewe. Linatoka baharini limebeba chumvi. Ukipitisha kidole juu ya jani asubuhi na ukionja, utaisikia. Kosmosi ndefu nilizipanda mwaka mmoja, zikalala zote siku moja. Tangu hapo nachagua mimea mifupi, na upande wa kusini wa kitalu nasimamisha makuti mawili yaliyosukwa. Nyuma ya makuti yale joto ni jengine kabisa.

Kama uko ufukweni na huwezi hata kusimamisha makuti, panda vinka. Maua yake ni mepesi, yenye petali tano, waridi au meupe yenye jicho jekundu, nayo huchanua takriban mwaka mzima, kusi na kaskazi, kwenye mchanga, kwenye nyufa za ukuta. Asili yake Madagaska. Ni huyu huyu aliyetoa dawa za saratani, vinkristini na vinblastini. Dawa hizo hutengenezwa viwandani kwa kipimo, mmea wenyewe una sumu, kwa hiyo usichemshe majani nyumbani kwa kusikia habari hiyo. Mbuzi wanalijua hilo, hawamgusi.

Haibiskasi ndiyo wanayoipenda. Kwa hiyo kabla ya ua la kuchanua, jenga ua wa makuti. Nilirudi kutoka shamba siku moja nikakuta miche minne imebaki vijiti, na mbuzi mwenyewe bado amesimama anatafuna. Haibiskasi ni ua la vuli kwangu: mvua za Oktoba na Novemba zikishuka, joto limerudi, ndipo hukaza. Kila ua huishi siku moja tu, hufunguka asubuhi na jioni limejikunja. Ndiyo sababu mche mmoja haupendezi. Panda minne au mitano kwa safu, kila asubuhi utakuta mapya. Ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo, wasugue kwa maji ya sabuni ya kipande, jioni jua likishashuka, kwa siku kadhaa mfululizo.

Alamanda pia hukaa vizuri vuli, manjano yake huonekana kutoka barabarani, ila utomvu wake ni sumu, kama wa adeniamu. Penye watoto watambaao, vyungu hivyo nyanyua juu. Mkrismasi, ule mti unaowaka mwekundu Novemba na Disemba, ni mzuri wa kutazama kwa jirani mwenye shamba. Mizizi yake hupanuka juu juu na kunyanyua sakafu na kuta, usiuweke karibu na nyumba wala kisima.

Sasa nazungumza na wanawake wenzangu zaidi. Watu hunambia wanataka rangi, na nimewapa rangi. Lakini kiwanja cha nyumba ya Kiunguja au Kipemba kisichokuwa na asumini, mimi naona hakijakamilika. Asumini ni jeupe, halikupi rangi, lakini usiku linajaza chumba. Lipande chini ya dirisha la kulalia. Lipogoe Februari mwishoni, liwekee samadi, kwani huchanua kwenye machipukizi mapya. Vichwa vichume alasiri vikiwa bado vimefumba, uvitunge koja, vitafumbuka vyenyewe baada ya magharibi. Pembeni weka mrehani na mpachori, una kikuba chako, kile kishada cha maua na majani ya kunukia, hapo hapo bila kwenda sokoni. Kilua kinataka kitu cha kuparamia. Mlangilangi usiupande kwenye kiwanja kidogo, ni mti mkubwa, utakuja kuukata kwa uchungu.

Nyumbani kwetu Wete ua tulilolitunza kuliko yote hatukuliacha lichanue. Karafuu ni ua lililochumwa likiwa bado limefumba, likishapata wekundu kidogo. Likifunguka limeharibika. Labda ndiyo maana mimi napenda sana kuona maua yaliyofunguka.

Nina daftari la skuli la mwanangu alilolimaliza nusu. Nimeligawa kurasa 12, kila mwezi ukurasa wake, na kila Ijumaa naandika nini kimechanua. Sioni haja ya kununua chochote mpaka nitazame ukurasa ulio mtupu. Kwangu mtupu ni Septemba: zinia zimekwisha, vuli haijaanza, kusi limechoka lakini ardhi imekauka. Anayeanza leo asinunue kitu mwezi mzima, aandike kwanza kinachochanua kwa majirani zake, kwa sababu udongo wao ndio udongo wake.

Wiki iliyopita wifi ameniletea picha nyengine. Safari hii hakuna ua hata moja. Ni kijiti kinene cha franjipani, rangi ya majivu, kimekatwa juzi na utomvu mweupe umeganda kwenye kidonda. Chini ameandika: "Muuzaji anasema huchanua vuli mpaka kaskazi, na kusi huvumilia bila majani. Nichukue?"

Nimemwambia achukue viwili, kimoja changu, aviweke kivulini wiki nzima mpaka vidonda vikauke, ndipo tuvichomeke.