Kwa nini tezi ikatwe baada ya sindano?

Dada, umeuliza kwa nini kaka yako, aliyechomwa sindano shingoni hapa Kisumu, sasa anaambiwa tezi ya limfu iliyovimba itolewe. Si kwamba walikosea. Sindano huvuta seli chache tu. Zikionekana ndefu, zimechongoka ncha mbili, na limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) zimetapakaa katikati yake, daktari anaweza kushuku sarkoma ya seli za dendritiki za folikuli, uvimbe adimu sana wa saratani. Ila saratani iliyosambaa kutoka kwingine nayo huweza kufanana hivyo. Tezi nzima huonyesha seli zimejipangaje, kisha hupimwa kwa kingamwili zinazonasa alama za seli za dendritiki za folikuli, yaani CD21, CD23 na CD35. Hakikisheni imetiwa kwenye fomalini, dawa ya kuihifadhi isioze, mara moja na chupa imeandikwa jina. Huku kwetu uvimbe wa shingo hudhaniwa TB upesi mno. Nashukuru hawakuishia hapo. Msindikize siku hiyo, tafadhali.