Dalali wa Pande Mbili: Ridhaa Huombwa Lini?

SWALI: Nyumba yetu ya urithi iliyopo Machomane, Chake Chake, nimeikabidhi kwa ofisi moja ya udalali. Nilimwambia kijana anayeshughulikia kazi yangu kwamba bei ni shilingi milioni 60, ila nikibanwa nitapokea 52. Mnunuzi akaja na milioni 52 kamili. Sasa nimejua kwamba naye anawakilishwa na ofisi hiyohiyo, kupitia dalali mwengine, na nimeletewa karatasi ya kukiri kwamba nimeridhia. Je, nitie saini?
Bi. M., Pemba

JIBU: Bi. M., usitie saini kwanza. Ridhaa ilipaswa kuombwa kabla hujataja kiwango chako cha mwisho, kwa sababu siri hiyo ni amana, na lau ungelijua kwamba ofisi ina mteja upande wa pili, huenda usingeitamka. Kulingana kwa tarakimu hakutoshi kumtuhumu kijana wako kwamba ameivujisha, lakini una haki ya kuuliza.

Huenda ukaambiwa kwamba madalali ni wawili, hivyo kila mtu ana wake. Hoja hiyo siikubali: uliyeipa kazi ni ofisi. Huko Marekani, katika jimbo la California, ambako ofisi moja huruhusiwa kuwakilisha pande zote mbili zikiridhia, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2016 kwamba dalali wa muuzaji, aliyefanya kazi chini ya ofisi moja na dalali wa mnunuzi, alikuwa na wajibu wa uaminifu kwa mnunuzi pia. Jimbo la Florida uwakala wa namna hiyo limeukataza kabisa. Sheria hizo hazitufungi sisi, lakini tatizo lililozizaa ndilo hilo lililokufika.

Iandikie ofisi, utake majibu ya maandishi: mnunuzi alianza lini kuwa mteja wao, kila upande unalipa ujira kiasi gani, nani ameelezwa kiwango chako, na kuanzia sasa nani atakushauri juu ya bei, maana anayetumikia pande mbili hawezi kumpigania mmoja amshinde mwenziwe. Majibu hayo wasomee warithi wenzako, kwani nyumba si yako peke yako na ridhaa yako haiwatoshi wao, kisha umwoneshe wakili asiyehusika na ofisi hiyo. Kama arubuni haijapokewa, isipokewe mpaka hayo yakamilike.