Maswali na majibu: ngano inayovumilia kiu

Nasikia mbegu ya ngano inapelekwa na kurudishwa kati ya Meksiko na Njoro, hapa Kenya. Kwa nini kila nchi isijizalishie yake? (Msomaji, Narok)

Ukame ungekuwa adui pekee, ningekubaliana nawe. Norman Borlaug, mtafiti wa ngano, aliuanza mtindo huu ndani ya Meksiko miaka ya 1940: msimu mmoja akipanda Sonora, karibu na usawa wa bahari, unaofuata Toluca, zaidi ya mita 2,600 juu. Alitaka vizazi viwili kwa mwaka. Kumbe akapata pia ngano isiyojali urefu wa mchana, ndiyo maana ikaota popote.

Leo CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, hupima ukame Obregón, hukohuko Sonora. Mvua ni haba na maji ni ya mfereji, kwa hiyo mtafiti ndiye anayeamua shamba liwe na kiu kiasi gani. Lakini huko hakuna Ug99, aina ya ugonjwa wa kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Njoro ipo. Ngano iliyofaulu kiu inaletwa huku ikabiliane na kutu, na nyingi huishia hapo. Wewe wa Narok utafaidika nini na ngano iliyoshinda jua kisha ikaliwa na kutu wiki chache kabla ya mavuno?

Mmea unavumiliaje ukame? Si lazima unywe maji? (Timau)

Lazima. Ila ipo inayowahi kukomaa kabla mvua haijakatika, ipo inayozamisha mizizi, na ipo inayoweka akiba ya sukari kwenye bua, majani yakikauka ikaihamishia kwenye punje. Kuitambua mimea yenye mizizi mizuri, watafiti huelekeza kwenye majani kipimajoto kisichogusa, ndugu yake kile tulichoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona. Mmea wenye ubaridi adhuhuri bado unafikia maji. Kuchimba mizizi shamba zima simwombei mtu.

Mume wangu hataki mbegu ya ngano ya Njoro-BW1, eti ilipigwa mionzi. (Mama wa Nakuru)

Mama, hilo la mionzi ni kweli, hofu ndiyo haina msingi. Mionzi ya gama ilipigwa kwenye mbegu za mwanzo tu ili kutikisa vinasaba. Mimea mingi inayotokana nazo hutupwa, michache yenye sifa njema huchaguliwa kizazi baada ya kizazi. Watafiti wa Kenya walifanya kazi hiyo wakisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, mbegu ikatolewa mwaka 2001 kwa ajili ya maeneo makavu. Mionzi haikai ndani ya punje. Unga wako hauna shida.

Naweza kuweka mbegu ya msimu ujao? (Hanang)

Kwa ngano inawezekana, maana hujichavusha yenyewe. Si kama mahindi chotara. Chagua sehemu ya shamba isiyo na kutu wala mchanganyiko, vuna peke yake, kausha vizuri. Ikianza kuchanganyika, nunua upya.