Pombe Haiondoi Nguvu ya PrEP

Kosa tunaloliona zaidi Mombasa na Nairobi kwa wanaume wanaolala na wanaume ni hili: Ijumaa mtu anajua atakunywa, basi anaruka kidonge chake cha PrEP (dawa ya kujikinga na VVU, inayomezwa kabla ya tendo) akiamini pombe na dawa zitagombana mwilini. Hazigombani. Tenofovir na emtricitabine, dawa zilizomo ndani ya kidonge hicho, hutolewa na figo, na kazi yake haipunguzwi na pombe, bangi wala muguka. Kinachoondoa kinga ni kidonge kilichobaki chupani. Usiku wa kulewa ndio usiku wa kukihitaji zaidi.

Kama unameza kila siku, kimeze kidonge pamoja na chai ya asubuhi, saa ambayo bado una akili zako zote. Ukitapika kabla ya dakika 60 kupita tangu umeze, meza kingine.

Kwa asiyefanya ngono mara kwa mara upo mpango wa 2-1-1, ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 2019 kwa wanaume wanaolala na wanaume. Tuseme Ijumaa saa 12 jioni unajiandaa kutoka. Meza vidonge viwili hapo hapo, maana vinahitaji angalau saa mbili kabla ya tendo, na visizidi saa 24. Jumamosi saa 12 jioni kimoja, Jumapili saa 12 jioni kimoja. Ukilala na mtu tena Jumamosi usiku, endelea kimoja kila siku hadi Jumatatu. Wengi huvimeza vile viwili vya kwanza vizuri, kisha Jumamosi wanashinda wamelala na uchovu wa pombe, saa inapita. Weka kengele ya simu kabla hujatoka nyumbani, na vidonge vilivyobaki uwe navyo mfukoni, kwa sababu huenda usirudi kwako.

Mpango huu haumfai mwenye homa ya ini aina ya B. Kuanza na kuacha dawa kunaweza kuuamsha ugonjwa huo, kwa hiyo pimwa kwanza. Haumfai pia anayejidunga dawa za kulevya: huyo ameze kila siku, na sindano iwe yake peke yake, pamoja na maji na pamba. Na wewe unayelala pia na wanawake, elewa kwamba 2-1-1 inakukinga wewe. Mwanamke akitaka PrEP ya vidonge, anahitaji kumeza kila siku.

Krista (methamphetamine, dawa ya kulevya) ina shida zake. Inafukuza usingizi na kupunguza maumivu, tendo linakuwa refu, kilainishi kinakauka, kondomu inapasuka na ngozi inachubuka bila mtu kuhisi. Ongeza kilainishi mara kwa mara, cha maji au cha silikoni. Mafuta ya kupaka huharibu mpira wa kondomu. Badilisha kondomu kila nusu saa hivi, na kila unapobadilisha mwenzi. Wenye VVU wanaotumia ARV zenye ritonavir wawe waangalifu mno, kwani dawa hiyo inaweza kupandisha kiwango cha krista na cha Viagra katika damu. Na poppers (dawa za kunusa wakati wa tendo) zisikutane kamwe na Viagra: shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla hadi kuua.

Mwambie mhudumu ukweli kuhusu unachotumia, anapokupima VVU na kaswende kila miezi mitatu. Tangu ufadhili wa Marekani ukatwe mapema 2025, baadhi ya vituo rafiki (kliniki zinazowahudumia wanaume wanaolala na wanaume) vimefungwa, kwa hiyo piga simu wiki mbili kabla chupa haijaisha.

Ukiamka Jumapili hukumbuki kama kondomu ilitumika, na vidonge hukumeza, hesabu kwamba haikutumika. Nenda kaombe PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tendo) siku hiyo hiyo; mwisho ni saa 72, na kila saa unayochelewa inakupunguzia nafasi. Utameza siku 28. Ukimaliza, ukapimwa ukakutwa huna VVU, anza PrEP siku inayofuata bila kuacha pengo.