Nilitoka HGE Nikaingia EGM Katikati ya Kidato cha Tano

Binti mmoja aliyeko likizo ya Desemba ameniandikia: “Dada, shikamoo. Nipo kidato cha tano, HGE, lakini moyo wangu upo kwenye hesabu. BAM ndiyo somo ninalolifanya vizuri kuliko yote. Nataka Januari nihamie EGM. Mwalimu wa taaluma kakataa, na baba anasema nisije nikamtia aibu. Nifanyeje?”

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma nikashindwa kuendelea na kazi, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na wakati huo sikuwa na wa kumwandikia. Acha nikujibu kwa kirefu, kwa sababu najua hauko peke yako.

EGM na HGE ni kombi ndugu, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita. Zote zina Uchumi na Jiografia. HGE inaongeza Historia, na hisabati yake ni BAM, hesabu za msingi, somo lenye mtihani mmoja ambao alama zake haziingii kwenye pointi za divisheni. EGM haina Historia. Mahali pake kuna Hisabati ya Juu, Advansi, yenye karatasi mbili za saa tatu tatu, na hiyo inahesabiwa sawa na Uchumi. Kwa hiyo ukihama unaacha somo moja na kuchukua moja. Ukilisema hivyo linaonekana jambo jepesi.

Mimi kidato cha nne nilipata A ya Historia na B ya Hesabu, na kila mtu akaniambia fuata A. Nikapangiwa HGE, shule ya bweni ya serikali, nikaripoti Julai na sanduku langu. Historia nilikuwa naiweza. Nilikuwa naandika insha ndefu na mwalimu anazisoma mbele ya darasa. Lakini kipindi nilichokuwa nakisubiri wiki nzima kilikuwa cha BAM, mchana baada ya maharage, wenzangu wamelala juu ya madaftari.

Siku moja mwalimu wa BAM alichora mkunjo ubaoni akauliza: mteremko wa mkunjo huu, hapa kwenye nukta hii moja, tunaupataje? Ndiyo tulikuwa tunaanza difrensiesheni. Wiki hiyo hiyo kwenye Uchumi tulikuwa tunakariri gharama ya kuzalisha kipande kimoja cha ziada, tunaimeza kama shairi. Nikaona ni kitu kilekile! Kile tunachokikariri kwa mwalimu wa Uchumi, mwalimu wa BAM anakikokotoa. Kuanzia siku hiyo Historia ikawa kazi ninayoifanya kwa sababu ni zamu yangu. Usiku wa prepo nilikuwa nachukua daftari naenda darasa la EGM kunakili maswali yaliyobaki ubaoni.

Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma. Nilienda kwa adabu zote, nimepiga goti. Alinijibu mbele ya wanafunzi wengine waliokuwa ofisini: “Wasichana wa EGM hapa wanalia, na wewe unataka kwenda kulia nao? Matokeo ya shule hii hayataharibiwa na mtu mmoja.” Wale wanafunzi wakacheka. Nimeshakuwa mtu mzima, nina kazi na familia, na bado nikikumbuka kicheko kile kifua kinabana. Mwalimu anayesoma hapa naomba anisikie: mtoto anayekuja kuomba somo gumu zaidi usimchekeshee wenzake. Mkatalie ukiona inafaa, ila mkatalie mkiwa wawili.

Hofu yake juu ya matokeo, hata hivyo, ilikuwa na msingi, na hesabu ya pointi lazima uijue kabla hujahama. Kidato cha sita A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, na F ni 7. Mwanafunzi wa HGE mwenye C tatu ana pointi 9, hiyo ni divisheni ya kwanza. Chukua mwanafunzi huyohuyo, mpeleke EGM, abaki na C zake mbili za Uchumi na Jiografia halafu aanguke Advansi: ana pointi 13, divisheni ya tatu. Somo moja tu limemtoa kwenye kundi la kwanza likampeleka la tatu. Wanaokuambia “fuata moyo wako” bila kukuonyesha hizo namba hawakutakii mema.

Likizo ya Desemba nikamweleza mama. Mama yangu aliishia darasa la saba. Hakuniuliza Advansi ni nini. Aliniuliza kama naweza kuamka alfajiri kila siku kwa ajili ya hicho kitu, nikamwambia naweza. Shule ilipofunguliwa akaja na mimi mpaka ofisi ya mkuu wa shule, akamsikiliza mwalimu wa taaluma mpaka mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, akifeli, cheti kitaandikwa jina la nani?” Ofisi ikanyamaza. Mkuu wa shule akatoa sharti: mtihani wa Machi nikipata chini ya 35 katika Advansi, narudi HGE bila mjadala.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wenzangu walikuwa wameshamaliza seti, mantiki na jiometri ya majira ya nukta. Seti nilizipita haraka. Mantiki niliipenda mno, zile jedwali za kweli na si kweli, kwa sababu inafanana na kujenga hoja kwenye insha ya Historia, na kwa hilo A yangu haikupotea bure. Jiometri ndiyo iliyonitesa. Tanjenti za duara nilizifanya mpaka usingizini nachora. Rafiki mmoja wa EGM alinipa madesa yake yote, akakaa na mimi Jumapili baada ya ibada akinisahihisha, na hakuwahi kunidai chochote. Yule dada Mungu amtunze popote alipo.

Machi nikapata 41. Ni E, najua, wengine mtaiona ndogo. Kwangu ilikuwa ruhusa ya kubaki.

Kidato cha sita sitakisimulia, kilikuwa maswali, kulala kidogo, na maswali tena. Matokeo yalipotoka nilikuwa na B ya Advansi, B ya Uchumi na C ya Jiografia: divisheni ya kwanza, pointi 7. Hakuna msichana wa kombi yetu aliyenizidi Advansi mwaka huo. Nilipofuata cheti shuleni, mwalimu wa taaluma alinipa mkono kama anavyowapa wote. Hakusema neno, na sikumdai.

Sasa mdogo wangu, ushauri. Kwanza fanya maswali. Usisome Advansi kwa macho kama unavyosoma Jiografia, shika kalamu. Pili, orodhesha topiki zote walizopita bila wewe, tafuta mtu wa kukupa madesa, uanze likizo hii hii, usisubiri shule ifunguliwe. Karatasi ya kwanza ya Advansi haina swali la kuchagua, kwa hiyo topiki uliyoiruka itakukuta pale pale. Tatu, fanya maswali ya mitihani iliyopita. Narudia kwa sababu watu wanalipuuza hili: maswali, kila siku, hata siku unayoumwa fanya moja.

Na jiulize unahama kwa ajili ya nini. Kama unahama kwa sababu marafiki wapo EGM, au kwa sababu mwalimu wa Historia amekuudhi, baki. Kama kuna kitu kwenye hesabu kinachokuamsha usiku, hama, na usiwaruhusu watu wakuwekee mipaka kwa sababu wewe ni binti.

Kuna pia wanaoniuliza safari ya upande wa pili, wa EGM wanaotaka kurudi HGE. Msihame kwa sababu ya mtihani mmoja. Ila kama umekomaa mihula miwili na Advansi haijafunguka, kuhama si aibu, na asikudanganye mtu kwamba BAM ni hesabu ya waliokata tamaa. Mimi leo nafanya kazi ya takwimu. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukitaka kujua tumeongezeka kwa kasi gani kwa mwaka, unagawa idadi ya pili kwa ya kwanza, unachukua logi asilia, unagawa kwa miaka kumi: asilimia 3.2. Hiyo logi ipo kwenye BAM. Aliyeielewa BAM vizuri anaifanya hesabu hiyo kwa kikokotoo cha kisayansi cha shuleni.

Kabla hujaamua, fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uone kozi unayoitaka inadai nini. Kozi nyingine zinataka ufaulu kamili wa Advansi, na S, yaani ufaulu mdogo usio kamili, haitoshi. Nyingine, kwa asiyesoma Advansi, zinaangalia BAM au hesabu ya kidato cha nne. Msomee baba mstari wa kozi yako kwa sauti, halafu mwonyeshe ile hesabu ya pointi bila kumficha upande mbaya. Baba anayeona kwamba mwanaye ameshapima hatari mwenyewe huongea tofauti.

Akikubali, barua ya kuomba uhame aiandike yeye, kwa mkuu wa shule, isizidi ukurasa mmoja: kombi uliyopo, unayoitaka, alama zako za BAM za muhula huu, na ombi la kupimwa mwezi wa tatu. Ambatisha ripoti yako. Ifike wiki ya kwanza shule inapofunguliwa, na kama nauli inaruhusu, baba aende nayo mwenyewe.